Barua kwa mwanangu: kabla hujaenda kwa askofu

Malindi

Karisa mwanangu,

Huku sote wazima. Umeniuliza, ukimwambia askofu kwamba unavutiwa na wanaume wenzako, utaondolewa kanisani? Kwa hilo peke yake, hapana, baba.

Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wanaloliita la Wamormoni, linatenganisha hisia na tendo. Fungua kwenye intaneti mwongozo wa kanisa, Kitabu cha Maelezo ya Jumla, sehemu ya 38.6.15, ki wazi kwa kila mtu. Muumini anayevutiwa na jinsia yake, akishika sheria ya usafi wa kimwili, yaani kutolala na mtu nje ya ndoa ya mume na mke, anaweza kupewa wito (kazi ya kutumikia kanisani), kupokea sakramenti na kuingia hekaluni. Kibali cha hekalu la Nairobi, lililowekwa wakfu 2025, ni kama cha kwingine kote: unahojiwa mara mbili, kwanza na askofu au msaidizi wake, halafu na urais wa kigingi (viongozi wa matawi kadhaa ya kanisa yaliyo pamoja), na kinadumu miaka 2. Hakuna swali la unamtamani nani. Unaulizwa kuhusu usafi wa kimwili. Jibu ulichoulizwa, basi.

Ukishakuwa na mtu, ni habari nyingine. Askofu anaweza kukushauri faraghani yakaishia hapo, au akaitisha baraza la uumini, kikao cha viongozi cha kuamua juu ya uumini wako. Baraza likiamua kukuwekea vizuizi, ibadani utaenda, lakini hupokei sakramenti, husali mbele ya watu, na kibali unakirudisha. Mara nyingi huchukua angalau mwaka. Uamuzi mzito zaidi ni kuondolewa uumini. Usiporidhika una siku 30 za kukata rufaa kwa maandishi, kwa hiyo usikae ndani ukilia mpaka zikaisha.

Yule rafiki yako aliyekwambia kwamba wenye ndoa ya jinsia moja ni waasi wa imani, na watoto wao hawabatizwi, anasoma kanuni ya Novemba 2015. Ilifutwa Aprili 2019. Ndoa yenyewe bado inahesabiwa kosa zito, na mimi sioni dalili ya hilo kubadilika karibuni. Mafundisho yetu yamesimama juu ya mume na mke kuunganishwa milele hekaluni, ndiyo maana kwetu kukaa bila mke kunamlemea mtu kuliko katika makanisa mengi: unaambiwa habari ya maisha haya na ya yale yajayo.

Sasa askofu mwenyewe. Halipwi, wala hakusomea ushauri nasaha. Jumatatu yuko kazini kwake kama wewe. Anapaswa kutunza siri yako hata kwa mkewe, ila anaweza kushauriana na rais wa kigingi. Ukitaka mtu wa kukaa nawe mle ofisini, omba. Mwambie kwa mdomo, usimwandikie WhatsApp. Simu zinaazimwa, ujumbe unapigwa picha, na kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya bado kina miaka 14 jela. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kinaadhibu tendo, si hisia, lakini majirani si mawakili.

Watakuwepo wa kukwambia oa, yatakwisha. Gordon B. Hinckley alishasema mwaka 1987, akiwa katika Urais wa Kwanza, uongozi wa juu kabisa wa kanisa letu, kwamba ndoa isichukuliwe kuwa tiba ya jambo hili. Binti wa watu atakuja kulia usiku kwa kosa asilolitenda, na kiapo mmekula kwa milele. Hilo nakukataza kabisa.

Bibi yako akijua atataka upungwe pepo. Usimkasirikie, ndivyo alivyolelewa, lakini usiende. Na anayedai hela za maombi ya kukugeuza, mkimbie. Hata Chuo Kikuu cha Brigham Young, cha kanisa letu kule Marekani, miaka ya 1970, kulifanyika majaribio ya kuwapiga wanaume shoti za umeme ili wabadilike. Leo kanisa lenyewe linakemea tiba za kutesa watu.

Kama humwamini askofu huyo, hulazimiki kumwambia wiki hii wala mwaka huu. Kuvutiwa tu si dhambi ya kuungamwa.

Desemba njoo nyumbani. Shangazi yako akianza yale ya mchumba yuko wapi, niachie mimi nimjibu.

Mamako