Mfupa wa nyonga bandia: umesagika, umeoza au umeliwa?

SWALI: Mama mkwe wangu aliwekewa nyonga bandia miaka mingi iliyopita. Sasa paja linamuuma, na daktari anasema kiungo kimelegea kwa kuwa mfupa unaokizunguka umepungua. Nyumbani wengine wanasema mfupa umesagika, wengine umeoza. Tuseme vipi?

JIBU: Mpe pole mama. Semeni hivi: plastiki imesagika, mfupa umeliwa, kiungo kimelegea. Ni vitenzi vitatu kwa vitu vitatu, na mkivichanganya mtakuwa mmeeleza ugonjwa mwingine.

"Kusagika" tumekuzoea kwa sababu ya magoti, ambako gegedu, tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, huisha. Kwenye nyonga bandia kinachosagika ni plastiki. Mwaka 1962 John Charnley, katika hospitali ya Wrightington huko Uingereza, alianza kutumia kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha poliethilini, aina ya plastiki, na nyonga nyingi zilizofuata zikajengwa kwa mfano huo. Mgonjwa akitembea, plastiki hukwanguka. Vumbi lake ni laini mno, punje nyingi zikiwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Kauli ya kutendeka inaitosha plastiki hii: imelika kama soli ya kiatu, kwa kutumika tu.

Mfupa, lakini, una anayeula. Makrofaji, seli za kinga zinazosafisha mwili, hulimeza vumbi lile na kushindwa kulimeng'enya. Hapo hutoa kemikali kama TNF na interleukini-1, nazo huchochea seli za jirani kutoa protini iitwayo RANKL. Protini hiyo huzigeuza seli za ukoo uleule wa makrofaji kuwa osteoklasti: seli kubwa, zenye viini kadhaa, zinazojibandika juu ya mfupa, zikamwaga asidi inayoyeyusha madini na vimeng'enya vinavyokata kolajeni, protini inayoushikilia mfupa. Osteoblasti, ambazo kazi yake ni kujenga, nazo huzoroteshwa. Hapa ndipo kauli ya kutendwa inapohitajika, kwa kuwa inamtaja mtenda: mfupa umeliwa na seli za mwili wenyewe.

Nalishikilia hili kwa sababu hata madaktari waliwahi kumkosea mtenda. Mwaka 1976 William Harris na wenzake wa Boston walieleza mashimo katika mfupa wa paja kuzunguka viungo vilivyogandishwa kwa saruji ya mifupa. Lawama ikaiangukia saruji, na kufikia 1987 hali hiyo ilikuwa ikiitwa ugonjwa wa saruji. Kumbe mashimo yaleyale yalionekana pia kwa waliowekewa viungo visivyo na saruji.

Nimeandika "seli" na "vumbi" kwa makusudi. Neno "chembe" hutumika kwa vyote viwili, na humu lingekuchanganya.

"Umeoza" liacheni kabisa kwa sasa. Msikilizaji ataelewa usaha na vijidudu. Vijidudu navyo huweza kulegeza nyonga bandia, ila tiba yake ni nyingine: antibiotiki, na mara nyingi upasuaji wa kusafisha au kubadilisha kiungo. Kabla ya neno hilo kumfikia mama, muulizeni daktari kama amepima maambukizi.