MASWALI YA WASOMAJI: Gari dogo litakalopanda Isyonje bila kulia

SWALI: Nina milioni 13. Nimeonyeshwa Vitz na Passo, zote cc 990, na IST ya cc 1490, zote za mkononi. Siku za kazi nazungukia mjini tu, ila kila Ijumaa jioni tunakwenda Tukuyu kwa wazazi, watu wazima wanne, na tukirudi hatukosi mikungu ya ndizi na viazi. Madalali wananisukuma kwenye Vitz, eti inanusa mafuta. Nichukue ipi?
*Mwalimu, Uyole, Mbeya*

JIBU: Mwalimu, kwa safari hiyo ya Ijumaa chukua IST, mradi hiyo uliyoonyeshwa ni nzima.

Tuanze na hewa. Injini hizi zote hazina tabo. Zinavuta hewa kwa pumzi yake zenyewe. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi. Hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua. Vitz ya KSP90 na Passo ya KGC10 (hizo ni kodi za modeli) zina injini ya aina moja, 1KR-FE, silinda 3, cc 996, nguvu za farasi 71 kwenye makaratasi ya Japani. Zikifika Uyole zinabaki farasi 60 hivi. IST ya NCP61 ina 1NZ-FE ya cc 1496 yenye farasi 109, na huku inabaki na zaidi ya 90. Ukitoka Uyole unapanda mfululizo hadi Isyonje ndipo uanze kuteremkia Tukuyu, na Jumapili unarudi na mlima uleule ukiwa na mzigo. Huo ndio mtihani wenyewe. Mjini Mwanjelwa kila gari linapita.

Halafu uzito. Wajapani hupiga hesabu ya gari dogo kwa abiria 5 wa kilo 55 kila mmoja, yaani kilo 275. Watu wazima wanne wa kilo 70 tayari ni 280. Ongeza mikungu miwili na gunia la viazi (na gunia la huku tunalijua, likishafungwa lumbesa halisemi ukweli kuhusu uzito wake), umevuka kipimo kabla hujatoka getini.

Mafuta je? Mjini, ukiwa peke yako, Vitz ya cc 996 nzima inakwenda kilomita 15 hadi 17 kwa lita, IST ya cc 1496 ni 12 hadi 13. Ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, mmoja anatumia kama lita 67 na mwingine 83. Tofauti ni lita 16. Zizidishe kwa bei elekezi ya EWURA ya Mbeya, inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, uone kama inakuumiza. Ila hesabu hiyo ni ya tambarare. Ukiwa na watu wanne mlimani, mguu unakaa sakafuni, giaboksi inang'ang'ania gia ya chini, na ule unusaji unakwisha. Injini ndogo inayokamuliwa kila wiki pia inachakaza mauntini (raba zinazoshikilia injini) mapema; silinda 3 zinatikisika kwa asili, na mauntini zikilegea utahisi mtetemo kwenye usukani ukisimama taa nyekundu na gari likiwa D.

Usikubali neno la mdomo kuhusu cc. Soma mwanzo wa namba ya chesi. Kwa Vitz za 2005 hadi 2010: KSP90 ni cc 996, SCP90 ni 1296, NCP91 ni 1496, na NCP95 ni 1298 yenye 4WD, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Kwa IST za kwanza, 2002 hadi 2007: NCP60 ni 1298, NCP61 ni 1496, NCP65 ni 1496 yenye 4WD. NCP60 mara nyingi huuzwa kwa bei ya NCP61 kwa sababu nje zinafanana.

Kwenye kibati hichohicho cha namba ya chesi kuna mstari wa giaboksi. Kwa Vitz na IST, kodi ikianza na U ni otomatiki ya kawaida, ikianza na K ni CVT, ile ya mkanda wa chuma. Otomatiki ya kawaida ya umri huo mara nyingi inataka oili ya ATF Type T-IV. CVT ina oili yake, TC kwa za zamani na FE kwa za baadaye. Mtu akimimina ATF ya kawaida kwenye CVT, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na dalili huja mlimani kwanza: mzunguko wa injini unapanda, gari haliongezi mwendo. Muulize muuzaji ameweka oili gani. Akijibu "haidroliki tu", ondoka.

Passo tunaiweka ya tatu kwako. Injini inashirikiana spea na Vitz, lakini ni gari la Daihatsu kwa mwili na miguu, kwa hiyo kabla ya kulipia ulizia shokapu, bushi na taa zake madukani Mwanjelwa. Ungekuwa mtu wa mjini tu, Soweto hadi Kabwe na kurudi, tungekwambia chukua Vitz na usigeuke nyuma.

SWALI: Nimeletewa Vitz kutoka Dar, namba D, dalali anaapa "haijafunguliwa injini". Mimi si fundi. Nitaikaguaje hapa Iringa kabla ya kutoa hela?
*Msomaji, Kihesa, Iringa*

JIBU: Nenda alfajiri, na sharti lako liwe moja: gari lisiwashwe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, mara nyingi uwakaji mgumu wa asubuhi au moshi. Rudi kesho yake.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe na rangi ya kulanti, pinki au nyekundu. Yakiwa ya kahawia yenye kutu, au maji ya bomba matupu, gari hilo limeendeshwa kwa maji na ndani kumeliwa. Angalia mpira wa kifuniko chenyewe. Pwani kifuniko kibovu kinavumilika kwa muda, huku hakivumiliki. Kwenye mwinuko wa Iringa na Mbeya maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95, na injini yenyewe hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia maji yasichemke ni mgandamizo wa kifuniko hicho. Kikilegea, maji yanachemkia kwenye rejeta, hedi inapinda, gaski inaungua. Kifuniko kipya chenye kipimo kilekile kilichoandikwa juu yake ni bei ya chakula cha mchana.

Vuta dipstiki. Oili ya rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia, achana nalo. Lakini ukiona utando mweupe kidogo chini ya kifuniko cha kumiminia oili na dipstiki ni safi, usikimbie: asubuhi za baridi na safari fupi hufanya mvuke ugande pale.

Sasa washa. Vitz za 2005 hadi 2010 na Passo hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu ya injini baridi na nyekundu ya kuchemka. Endesha dakika 5 hadi 10. Taa ya bluu isipozimika, au ikizimika kisha ikarudi ukiteremka mlima, yamkini thamostati, valvu inayozuia maji mpaka injini ipate joto, imetolewa. Mafundi wengine huitoa wakidhani wanaponya kuchemka. Injini isiyopata joto humiminiwa mafuta mengi muda wote, na gari la cc 996 linaanza kunywa kama la cc 1800. Kurudisha thamostati ni kazi ndogo, lakini jiulize kwanza kwa nini ilitolewa: huenda gaski ilishaanza.

Moshi mweupe wa asubuhi ni mvuke, unakwisha eksozi ikipata joto. Wa bluu ni oili. Liache likae sailensa (linawaka bila kukanyagwa mafuta) dakika 10, kisha mwenzako akanyage ghafla wewe ukiwa nyuma. Pumzi ya bluu hapo ina maana ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka.

Kuhusu "haijafunguliwa": mulika vichwa vya bolti za kifuniko cha valvu. Rangi ikiwa imechubuka, na silikoni imefurika pembeni, imefunguliwa. Si dhambi, ila dalali ameshakudanganya mara moja. Fundi akipima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), asishtuke namba zikiwa chini ya za kitabu kwa asilimia 15, kwani kitabu kimepimwa usawa wa bahari. Silinda zilingane, tofauti isizidi bar 1.

Maliza kwa kuteremka Ipogolo na kupanda tena mjini, watu watatu ndani. Sikiliza giaboksi. Ukisimama, toa D weka R: ikichelewa zaidi ya sekunde moja hivi au ikagonga, kuna ugonjwa. Kata usukani mpaka mwisho, zunguka taratibu pande zote mbili. "Ka-ka-ka" ni sivijointi, viungio vya ekseli za mbele. Tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Na kwa kuwa limetoka pwani, lala chini uangalie kutu kwenye sakafu na mabomba ya breki.

Karatasi: namba ya chesi iliyogongwa kwenye bodi ilingane na kadi, kadi iwe halisi, na anayekuuzia awe ndiye mwenye jina au ana idhini yake kwa maandishi. Angalia deni la faini za trafiki, ushuru wa maegesho, na stika ya bima kwenye mfumo wa TIRA. Kisha hamisha umiliki TRA mara moja.

SWALI: Vitz yangu ina tairi 165/70R14 na inagonga chini barabara za shambani. Fundi anataka kuweka spesa (vipande vya kunyanyulia bodi) za inchi 2. Niruhusu?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Inchi 2, hapana. Ukinyanyua bodi, ekseli za mbele zinakaa kwa pembe kali. Buti za sivijointi zinajikunja, zinapasuka, grisi inatoka, mchanga unaingia. Ndani ya miezi unanunua sivijointi. Taa za mbele nazo zinawamulika wenzio machoni.

Kwanza pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kila upande. Kushoto na kulia zikipishana zaidi ya sentimita 1.5, springi imekufa. Springi na shokapu mpya zinaweza kumaliza tatizo bila spesa. Bado likigonga, inchi 1 mbele na nyuma, kisha wheel alaimenti siku hiyohiyo.

Njia nyingine ni tairi 175/70R14. Kipenyo kinatoka milimita 587 hadi 601, kwa hiyo gari linapanda milimita 7 tu. Spidomita ikisoma 100 unakwenda kama 102. Ila gurudumu kubwa linapunguza mvuto, na kwa cc 996 utausikia mlimani.

SWALI: Honda Fit za zamani ni rahisi kuliko IST. Zina siri gani? Na huku Njombe kwenye tope, 4WD ndogo inafaa?
*Msomaji, Njombe*

JIBU: Fit ya kwanza ya cc 1339 (GD1) ni gari zuri lenye masharti. Ina plagi 8, mbili kila silinda, kwa hiyo kila sevisi unanunua plagi maradufu. Valvu zake hurekebishwa kwa mkono, na mafundi wengi hawajihangaishi. CVT yake inataka oili ya Honda ya HMMF pekee. Ikiwekwa nyingine au ikizeeka, gari linatetemeka kama lina homa ukianza kuondoka. Hapo Njombe, tafuta fundi wa Honda kwanza, gari baadaye. Usipompata, urahisi wa bei utaulipa gereji.

4WD ya NCP95 au NCP65 inasaidia kwenye tope jepesi na mlima unaoteleza. Haiongezi kimo, na haisaidii kusimama. Tairi zote 4 ziwe saizi moja na uchakavu unaokaribiana, la sivyo mfumo wa nyuma unafanya kazi muda wote na kuungua.

SWALI: Nikiteremka Iwambi na IST mpya kwangu, breki zinanuka na pedali inakuwa laini. Nimeuziwa mbovu?
*Msomaji, Vwawa, Songwe*

JIBU: Harufu ni pedi zilizopata moto kwa kukanyagwa mfululizo. Pedali laini ndiyo ya kuogopa: mafuta ya breki yamechemka. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini ikishanyonya unyevu inaweza kuchemkia 140. Mwaga yote, weka DOT 3 au DOT 4 mpya, toa upepo kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote, na urudie kila miaka 2. Kagua pia kalipa ya mbele, kile kibanio cha pedi. Pini zikikauka pedi hazirudi, na gurudumu moja litakuwa la moto kuliko jingine.

Mlimani teremka kwa gia: weka 2 kabla ya mteremko kuanza, au L ukiwa na mzigo (kwenye CVT ni S au B). Kanyaga breki kwa vipindi, kaza hadi mwendo upungue kisha achia kabisa. Ikishanuka, egesha mahali salama dakika 20 na usimwagie diski maji, zitapinda.