Majani manene kwenye saladi za Wachina: yanaliwa, ila sio kila ua la kwenye kopo

Mkuu umeuliza yale majani manene yenye matone kama barafu kwenye picha za migahawa ya China ni chakula au pambo la sahani. Ni chakula, tena yanaliwa mabichi. Mi nimesoma Guangzhou na nimeyala sana. Wanayaita bingcai, na mmea wenyewe hata sio wa kwao, huko Namibia na Afrika Kusini unajiotea tu. Yale matone ni vifuko vya jani lenyewe, humo linatunza maji na chumvi, ukitafuna vinapasuka unasikia chumvi mdomoni wakati mpishi hajatia hata punje. Ndo maana wanaweka vitu vichache tu, siki nyeusi, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta, basi. Ukiyapika yanalegea na raha yote imeisha.

Kuna na shilianhua, lile lililojipanga kama waridi, rangi ya kijivu kama limepakwa unga. Asili yake Mexico ila Taiwan wanalilima kama mboga, wanachovya kwenye asali au wanasaga juisi. Ni chachu, na uchachu wenyewe unabadilika kutwa, yani mimea ya aina hii inafungua vitundu vya majani usiku, inavuta hewa ya kaboni na kuiweka akiba kama asidi, jua likitoka inaitumia, kwa hiyo jani la alfajiri linakukunja uso na la jioni limepoa kabisa, mmea ule ule!

La bei rahisi ni machixian, lile la shina jekundu linalotambaa na viua vya njano, mashambani kwetu limejaa na tunaling'oa tunatupa, inaniuma kweli. Wao wanalitokosa kidogo, wanakamua maji, saumu na siki juu. Mwenye shida ya mawe kwenye figo asilizoee, lina oksaleti nyingi, ndo kitu kinachojenga mawe hayo.

Ila nawaomba sana msichume maua ya barazani kisa yana majani manene. Kalanchoe ina sumu inayoshika moyo, inaua mpaka ng'ombe, na yoyote inayotoa utomvu mweupe kama maziwa usiipeleke mdomoni wala karibu na macho. Hata ile salama ikiwa imenunuliwa kama pambo huenda imepigwa dawa. Tafuta mbegu za bingcai zinazouzwa kama mboga, panda kwenye kopo lenye mchanga mwingi, ikishakua mwagilia maji yenye chumvi kidogo, vile vifuko vinaongezeka na ladha inakolea.