Plagi nyeusi kwenye mashine ya boti: usizitupe kabla hujazisoma

Mkuu uliyeuliza kuhusu mashine yako ya boti ya nguvu farasi 15 pale Matema, Ziwa Nyasa, ile ya kuchanganya oili na petroli, inayowaka vizuri asubuhi halafu ikitembezwa polepole kwenye nyavu inaanza kukohoa. Umesema plagi, vile vifaa vya kutoa cheche ndani ya silinda, zinatoka nyeusi na umeshabadilisha mara tatu ndani ya mwezi. Hizo ulizotupa ndizo zilikuwa na jibu.

Kwanza namna ya kuzitoa. Subiri mashine ipoe, maana kichwa cha silinda ni alumini na kikiwa cha moto ni rahisi uzi kung'oka na plagi. Piga brashi kuzunguka kabla hujalegeza. Mchanga wa ufukweni kwetu huko unaujua, na chembe ikidondokea ndani inachora silinda. Vuta kofia iliyofunika plagi, usivute waya. Zikishatoka ziweke juu ya kitambaa, ya silinda ya juu iwe kushoto, ya chini iwe kulia, usizichanganye.

Sasa tazama ncha. Kahawia kama karanga iliyokaangwa, hiyo ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, petroli ni nyingi kuliko hewa, mara nyingi choki, ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha, haijarudi yote. Nyeusi mbichi inayoteleza mkononi, ni oili nyingi au cheche dhaifu. Ikiwa imesafika kuliko mwenzake kama imeoshwa, shuku maji yanaingia ndani, angalia gasketi ya kichwa.

Kama ni moja tu iliyolowa, usikimbilie dukani. Zibadilishane nafasi, ukazunguke nusu saa. Uchafu ukihama na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ukibaki kwenye silinda ileile, tafuta kwenye kofia, waya au koili inayotengeneza umeme wa cheche.

Kwa maelezo yako naona zote mbili zimechafuka, na hapo nashuku mambo mawili. La kwanza ni oili ya kukadiria kwa macho. Kama kitabu cha mashine yako kinasema 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400. Pima kwa chupa, acha ile habari ya "mpaka rangi ikolee". La pili ni mwendo wenyewe. Ncha ya plagi inahitaji kufika kama nyuzi 450 za Selsiasi ndipo ichome masizi yake yenyewe, na kwa mwendo wa kutambaa usiku kucha haifiki. Kila baada ya nusu saa fungua mafuta dakika mbili tatu, mashine ipumue.

Soma pia maandishi. B7HS-10 ya kampuni ya NGK, kwa mfano: B ni uzi wa milimita 14, H ni urefu wa uzi, 7 ni kiwango cha joto, 10 ni nafasi ya kuruka cheche, milimita 1.0. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani ncha yake inapoa haraka, kwa Champion ni kinyume, na hapo ndipo wengi wanapotea. Ukiuziwa 8 badala ya 7 kwa kuwa "ni kubwa zaidi", masizi yataongezeka. Fuata namba ya kitabu chako.

Nyeupe sijaisahau, nimeiacha makusudi kwa sababu ilinitoa jasho. Nilianza na pikipiki Mwanjelwa, Mbeya mjini, na mteja mmoja akaniletea mashine yake ya boti kutoka Kyela. Nikaiwasha kwenye pipa la maji, plagi nyeusi, nikaweka jeti ndogo (kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli), zikawa kahawia safi. Nikajiona fundi kweli. Nilichosahau ni kwamba Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi na ziwani ni chini ya 500. Hewa ya kule ni nzito, kwa hiyo jeti iliyotosha huku, kule ilikuwa njaa tupu, petroli kidogo kwa hewa nyingi. Alipakia vyungu Ikombe kuleta mnadani Lyulilo, akafungua mafuta yote, mashine ikazimika njiani. Plagi alizoniletea zilikuwa nyeupe kama chaki, na kwenye ncha kulikuwa na vitone vidogo vinavyong'aa. Ile ilikuwa pistoni yake iliyoyeyuka. Mpya nilinunua mimi.

Kurudisha: pima nafasi ya kuruka cheche kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Kipande cha msumeno wa chuma ambacho mafundi wengi tunatumia kina kama milimita 0.6, hakikufai kwa plagi ya 1.0. Usisugue kwa brashi ya waya, inaacha chuma kwenye kauri na cheche inapita humo. Ingiza kwa vidole mpaka ikae. Ikigoma mapema irudishe nyuma uanze upya, usiilazimishe. Halafu spana: mpya nusu mzunguko, iliyokwishatumika kidogo tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Hii ya B inataka soketi ya milimita 21, ile ya pikipiki nyingi ni ndogo.

Jioni zitoe zote mbili, utuwekee picha hapa kwa mpangilio wa juu na chini, na useme oili unapima kwa chombo gani.