Hayabusa kutoka Dar hadi Mbeya

Mkuu, umeuliza kama pikipiki yako ya Suzuki Hayabusa itakufikisha Mbeya kutoka Dar. Injini ya cc 1340 haitatoka hata jasho. Atakayechoka ni wewe, viganja na kiuno, maana umeinamia tangi muda wote. Simama kila kilomita 150 hivi, unyooshe mgongo. Adui mkubwa ni matuta: kutoka tumbo la pikipiki hadi barabarani ni sentimita 12 hivi tu, yapande taratibu na mzigo usizidi. Tairi la nyuma ni pana, saizi 190/50, kwa fundi wa bodaboda hulipati, kwa hiyo beba vifaa vya kuziba pancha ya tubeless (tairi lisilo na tyubu) na pampu ndogo. Mikumi, kwenye hifadhi ya wanyama, pita mchana, polepole. Twiga akiamua kuvuka hapigi honi. Mlima Kitonga malori hupanda kwa kusuasua, usiovateki kwenye kona.