Ukiajiriwa mapokezi, nunua futi kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi hotelini hapa Dar, hili nililijua kwa aibu. Mteja akipiga simu akauliza mama yake anatumia wilicheya, mnaweza kumpokea? Usikimbilie kusema ndiyo, lifti tunayo. Mimi nilisema hivyohivyo, mama akaja, lifti akapanda freshi, mlango wa chumba akapita, kufika bafuni kiti kikagoma, uwazi wa mlango sentimita 63 na kiti kina 66. Saa tatu usiku fundi anang'oa mlango kwenye bawaba ili tupate hizo sentimita chache, tumening'iniza pazia, na mama wa watu yuko koridoni amebanwa haja. Hakulalamika, ndo iliniuma zaidi.

Kwa hiyo pima mwenyewe, usiulize mtu. Uwazi ukifika 80 una unafuu, 90 ndo raha, na bafuni kiti kinataka duara la mita moja na nusu kigeuke.

Rampu nayo, bosi atakwambia fundi amwage zege tu pale mlangoni. Mpigie hesabu: kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, ngazi tatu za 15 ni 45, hapo unaongelea mita 5.4. Akimwaga ya mita mbili kawajengea watoto bembea ya kuteleza, masika ndo usiseme. Akibisha mkumbushe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010.

Na umeme wetu mnaujua, ukikatika na jenereta ikagoma mzee yuko ghorofa ya nne anashukaje? Mpe chumba cha chini.

Halafu shikamoo apewe mzee mwenyewe, sio unamuuliza mwanae "mzee atakula nini?" wakati mzee anakuangalia. Asiyeona usimkokote, mpe kiwiko akushike yeye. Mgeni kiziwi andika namba ya chumba chake pale kaunta, maana moto ukitokea king'ora hakisikii, lazima mtu apande.

La mwisho, reli ya taulo sio chuma cha kushikia, ila mtu akiteleza ataishika hiyohiyo. Vyuma vyenyewe vikishafungwa usimwamini fundi, ning'inia. Mimi na kilo zangu 84 huwa naning'inia kabisa, wadada wa usafi wananicheka mpaka leo.