Mkopo wa dola 28,000 kwa digrii ya haki ya jinai: je, mjomba anidhamini?

SWALI: Nina umri wa miaka 26, ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, nina grini kadi, na usiku ninafanya kazi ya kuwatunza wazee. Chuo kimoja cha binafsi kimenikubali kusomea digrii ya miaka miwili ya haki ya jinai. Nikishapata ruzuku ya Pell, yaani msaada wa serikali kuu usiorudishwa, bado nitahitaji kukopa dola 28,000 kwa jumla, na sehemu ya mkopo huo inataka mdhamini. Mjomba wangu yuko tayari kutia sahihi. Afisa wa usajili amenieleza kwamba polisi hulipwa zaidi ya dola 75,000 kwa mwaka, kwa hiyo deni litaisha upesi. Je, ameniambia ukweli?

JIBU: Kuhusu mshahara wa polisi, amesema kweli. Mshahara wa kati wa polisi na wapelelezi nchini Marekani ulikuwa takriban dola 77,000 kwa mwaka katika takwimu za serikali za Mei 2024. Lakini huo ni mshahara wa watu ambao tayari ni polisi, wakiwemo waliotumikia miaka ishirini, na haukuwahi kuwa mshahara wa waliohitimu kozi unayoulizia. Kosa la kuchanganya makundi haya mawili ninalikuta karibu kila wiki, na mara nyingi halitokei kwa bahati mbaya, kwa sababu mtu anayelipwa kujaza viti darasani anajua vizuri ni kundi lipi analolionyesha.

Nchini Minnesota, anayempa mtu ruhusa ya kuwa polisi ni Bodi ya POST, yaani bodi ya jimbo inayosimamia viwango na mafunzo ya polisi, na njia ya kawaida kwa miaka mingi imekuwa kupata digrii kutoka chuo chenye ithibati inayokubalika, kukamilisha mafunzo ya upolisi katika programu ambayo Bodi hiyo imeithibitisha, kufaulu mtihani, kisha kuajiriwa na idara ya polisi. Digrii yenyewe si lazima iwe ya haki ya jinai. Usipopitia programu iliyothibitishwa, cheti chako kinaweza kuandikwa haki ya jinai kwa herufi za dhahabu na bado kikakuacha kwenye kazi ya ulinzi wa majengo, ambayo mshahara wake wa kati ni takriban dola 38,000, au kwenye kazi ya askari magereza, ambayo hulipa vizuri zaidi lakini katika majimbo mengi huhitaji cheti cha sekondari tu. Kazi ya afisa wa probesheni nayo, yaani anayewasimamia waliohukumiwa kifungo cha nje, ambayo makaratasi ya matangazo hupenda kuitaja, kwa kawaida hudai digrii ya miaka minne.

Jambo hili limekwisha kufika mahakamani katika jimbo lako hilo hilo. Mwaka 2014 Mwanasheria Mkuu wa Minnesota alivishtaki vyuo viwili vilivyokuwa na mmiliki mmoja, Globe University na Minnesota School of Business, na mwaka 2016 jaji akaamua kwamba viliwadanganya wanafunzi wa haki ya jinai kwa kuwaaminisha kuwa wangeweza kuwa polisi au maafisa wa probesheni, ilhali programu yao haikutimiza masharti ya kazi hizo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema pia kwamba vyuo hivyo vilikuwa vikiwakopesha wanafunzi bila leseni na kwa riba iliyovuka kiwango cha sheria. Huko Illinois, chuo cha Westwood kilishtakiwa mwaka 2012 kwa ahadi zinazofanana, na ilipofika mwaka 2022 serikali kuu ikafuta deni la waliosoma hapo, takriban dola bilioni 1.5. Angalieni ni miaka mingapi walikaa na deni hilo wakisubiri.

Sasa tuitazame ile 28,000. Kwa riba ya asilimia 6.5 na muda wa miaka kumi, utalipa takriban dola 318 kila mwezi, na jumla itakaribia dola 38,200. Hapo nimekadiria kwa wema, kwani mwanafunzi wa umri wako anaweza kukopa serikalini dola 9,500 mwaka wa kwanza na 10,500 mwaka wa pili, yaani 20,000 tu. Zile 8,000 zilizobaki ni mkopo wa binafsi, ambao riba yake huenda ikazidi hiyo niliyotumia, na ndizo zinazomtaka mjomba. Mkopo huo hauna mpango wa serikali wa kulipa kulingana na kipato, wala hauingii katika msamaha wa deni wanaopewa watumishi wa umma baada ya malipo 120 ya kila mwezi, hata ukiwa polisi. Ukishindwa kulipa, mjomba anadaiwa salio lote, si nusu yake. Asitie sahihi.

Chuo cha umma cha miaka miwili kitakugharimu sehemu ndogo ya fedha hizo, na tangu mwaka 2024 mpango wa North Star Promise unawalipia ada wakazi wa Minnesota ambao kipato cha familia hakifiki dola 80,000. Orodha ya programu zilizothibitishwa iko wazi kwenye tovuti ya Bodi ya POST. Itafute wewe mwenyewe, usisubiri uonyeshwe na afisa wa usajili.

Niseme pia na wengine wanaosoma hapa, maana haki ya jinai ni jina moja tu kati ya mengi. Kozi yoyote inayotangazwa kwa jina la kazi, iwe ya msaidizi wa daktari au ya fundi wa maabara, iulizeni kwanza: nani hutoa leseni ya kazi hiyo, na je, anakitambua chuo hiki? Jibu litolewe kwa maandishi. Na wale ndugu zetu wa kwenye makundi ya WhatsApp wanaodai dola 200 ili wawajazie fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, au dola 600 ili "wawafutie" mkopo, wanauza kitu ambacho serikali inatoa bure. Mkiwapa na nywila zenu, mmewapa mlango wa kubadilisha akaunti ya mkopo bila nyinyi kujua.